Jozi ya mifupa ya kuku na dende kwa darasa la biolojia, Bukavu: shajara ya mradi

Lengo ni kutengeneza viunzi viwili vya mifupa, cha kuku na cha dende (simbilisi), visimame juu ya ubao mmoja, ili mwanafunzi wa sekondari aione tofauti ya ndege na mamalia kwa macho na vidole badala ya kukariri orodha. Kila hatua inaandikwa ikishaisha, pamoja na bei. Wakati wa mradi huu, mwaka 2024, dola moja ilivunjwa kwa karibu faranga za Kongo (FC) 2,800.

3 Juni 2024: Kuchagua wanyama

Kuku na dende wanapatikana soko la Kadutu siku zote, hawapishani mno kwa ukubwa, na karibu kila mtoto wa Bukavu amewahi kuwashika. Tena wote wawili wana damu moto na moyo wa vyumba vinne. Hilo lina uzito. Ukilinganisha kuku na chura, mwanafunzi anaishia kusema "huyu ana joto, yule hana". Ukiweka kuku kando ya dende (kuku ana nyuzi 41 hadi 42, dende 38 hadi 39), suala la joto linakwisha na kinachobaki kuchunguzwa ni ujenzi wa mwili.

Alama za nje zinasomwa wanyama wakiwa bado hai. Kuku: manyoya, mdomo usio na meno, magamba miguuni, yai lenye kaka gumu linaloatamiwa siku 21. Dende: nywele, masikio ya nje, maziwa. Jike la dende lina chuchu mbili tu, hata likizaa watoto watatu au wanne. Mimba yake huchukua siku 68 hivi, na mtoto hutoka na nywele, macho wazi na meno yaliyokwisha kuota. Vidole ni vinne mbele na vitatu nyuma. Haya yaandikwe kwenye daftari sasa, maana baada ya kuchuna hayaonekani tena.

Mnyama wa porini hatumiwi. Mifupa ya wanyama wa hifadhi ya taifa ya Kahuzi-Biega inalindwa na sheria, na mzoga wa msituni haujulikani umekufa kwa nini. Hata kuku aliyejifia mwenyewe anakataliwa: mideka, ugonjwa wa kuku wa kuambukiza, ni wa kawaida hapa, na kubeba mzoga wake toka parseli (kiwanja) moja hadi nyingine ni kuusambaza.

Kwa majaribio amenunuliwa kuku wa nyama wa wiki sita, FC 18,000. Kasoro ya uchaguzi huu inaelezwa chini, tarehe 10.

8 Juni 2024: Kuchinja, kuchuna, na jaribio la hewa

Mchinjaji aambiwe mapema. Sokoni kisu hupita shingoni mpaka kwenye mfupa, na pingili moja au mbili zinaharibika. Omba akate mishipa ya damu tu, upande wa chini ya taya. Kwa dende tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu kwa kawaida hupigwa kisogoni na fuvu linapasuka. Dende wetu ameuawa na veterinere kwa sindano, FC 5,000. Nyama ya mnyama aliyechomwa dawa hailiwi na mtu wala mbwa. Inazikwa, shimo liwe refu.

Kabla ya kuchuna fanya jaribio hili moja. Kati ya kazi zote zilizomo humu, ndilo linalofundisha zaidi na halihitaji fedha. Ingiza mrija wa sirinji ya ml 60 ndani ya koromeo la kuku, funga kwa uzi usivujishe. Kata bawa katikati ya mfupa wa juu, ule unaoanzia begani, kisha uzamishe ncha iliyokatwa ndani ya beseni la maji. Sukuma hewa polepole. Mapovu yanatoka mfupani. Hewa imeingia kooni na kutokea bawani, kwa sababu mfupa huo hauna uboho. Ndani yake limeingia tawi la kifuko cha hewa kinachoungana na mapafu. Kuku kwa kawaida huhesabiwa vifuko 9. Mapafu yenyewe ni madogo, yamebanwa kwenye mbavu za mgongoni na hayavimbi sana. Vifuko ndivyo vinavyojaa na kutoa, na hewa inapita ndani ya mapafu kuelekea upande mmoja tu, ndege akivuta na akitoa. Katika karne ya 18 daktari John Hunter alionyesha kwamba ndege aliyezibwa koo anaweza kupumua kupitia mfupa wa bawa uliovunjika.

Rudia kwa dende. Mapafu yanavimba ndani ya kifua na kukisukuma kiwambo kuelekea tumboni, halafu yanarudi. Ukikata mfupa wa juu wa mkono wake unakuta uboho mwekundu, na hakuna povu hata moja. Kiwambo kamili kinachotenga kifua na tumbo ni cha mamalia. Kwa kuku hukioni.

Yaliyokwama: hewa ilivujia shingoni mpaka ngozi ikavimba, kwa sababu uzi ulifungwa juu ya ngozi. Pasua ngozi kwanza, toa koromeo nje, kisha funga juu ya pete zake zenyewe. Na usipulize kwa mdomo.

Ukipasua firigisi hifadhi vijiwe vilivyomo. Vinawekwa kwenye chupa ndogo kando ya taya la dende, kwa sababu kazi ni ileile: kusaga. Kuku anasagia tumboni, dende anasagia kinywani.

Glavu na sirinji: FC 14,000.

10 Juni 2024: Kuchemsha kumeshindikana

Watu wengi huanza kwa kuchemsha, kwa sababu sufuria na mbabula (jiko la makala, yaani mkaa) vipo. Kuku wa nyama alichemshwa saa mbili pamoja na sabuni ya unga. Makala: FC 5,000.

Matokeo yalikuwa mabaya. Mkia wa mfupa wa kidari ulitoweka wote. Ncha za mifupa ya mapaja zilibaki kama kitambaa kilicholoweshwa. Fuvu lilifunguka vipande vipande, na mbavu zikapoteza vile vijitawi vinavyoelekea nyuma na kuulalia ubavu unaofuata, ambavyo ni alama nzuri ya ndege. Mafuta nayo, badala ya kutoka, yaliingia ndani ya mfupa, na siku ya pili yakajitokeza kama madoa ya manjano.

Kuna sababu mbili na zisichanganywe. Ya kwanza ni umri. Kuku wa wiki sita ana mwili wa kuku mkubwa lakini mifupa ya kifaranga: ukingo wa nyuma wa kidari bado ni gegedu, na gegedu haivumilii maji ya moto. Ya pili ni moto wenyewe. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na maji yake huchemka karibu nyuzi 95, si 100, lakini hizo zinatosha kugeuza kolajeni (protini inayoshikilia mfupa) kuwa jeletini. Mfupa mnene wa mbuzi unastahimili kidogo. Mfupa wa ndege una ukuta mwembamba, basi unaanza kuharibika kabla nyama haijaachia.

Marekebisho: kuku wa kienyeji aliyezidi mwaka mmoja, na maji yasiyofika moto wa kuchemka. Jike limenunuliwa kwa FC 32,000. Ghali, ndiyo, lakini nyama inaliwa: vua kwa kisu kiasi unachoweza, bila kugusa mifupa kwa makali.

15 Juni 2024: Kuozesha ndani ya maji

Njia iliyobaki ni kuwaachia bakteria kazi. Bido (madumu) mbili nyeusi za lita 20 zimekatwa juu (FC 12,000), moja kwa kila mnyama. Maji ni ya mvua au ya bomba yaliyolala usiku mzima. Javeli (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) isitiwe kabisa: inaua bakteria na inakula mfupa.

Kabla ya kuzamisha, gawa mwili katika vifuko vya kolan, ile soksi ndefu ya kike, kila kifuko na fundo lake: bawa la kulia, bawa la kushoto, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mbavu za kulia, mbavu za kushoto, kichwa. Shingo haiwekwi kifukoni. Pitisha uzi wa nailoni ndani ya tundu la uti wa mgongo kuanzia kichwani hadi kifuani, ufunge ncha zote mbili. Pingili zikiachana zinabaki kwenye uzi kwa mpangilio wake. Kuku ana 14 shingoni, dende ana 7. Hiyo saba ni ya twiga, ya panya, ya popo na ya sokwe. Mamalia wanaoiacha ni wachache sana, kama nguva wa Amazoni na wale wavivu wa miti ya Amerika. Kuku anahitaji shingo ndefu inayopinda kwa sababu mikono yake imekuwa mabawa: mdomo ndio unaookota, unaopanga manyoya na kugeuza yai.

Kolan na kipande cha chandarua cha kufunikia nzi wasiingie: FC 4,000.

29 Juni 2024: Baridi imechelewesha kazi

Baada ya wiki mbili nyama ilikuwa imelegea tu, haijaachia. Maji yalipimwa asubuhi: nyuzi 17. Katika joto hilo kazi hii inaweza kuchukua miezi. Bakteria wanaofaa wanataka nyuzi 30 hadi 35, na kiangazi cha Bukavu kina jua zuri mchana lakini usiku wake ni wa baridi.

Marekebisho: kila bido imewekwa ndani ya sanduku la mbao lililojazwa pumba za mbao za seremala pande zote, unene wa sm 10. Asubuhi kifuniko kinaondolewa ipate jua. Saa kumi jioni linamwagwa birika moja la maji ya moto na kufunikwa kwa gunia. Maji sasa yanalala nyuzi 26 hadi 28 na kufika 33 mchana. Pumba tumepewa bure. Makala ya ziada FC 5,000.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kubadili maji yote kwa sababu ya harufu. Ukimwaga yote umemwaga na bakteria, unaanza upya. Mwaga theluthi mbili tu mara moja kwa wiki, kupitia chujio la chai, kwenye shimo lenye majivu, mbali na kisima na mbali na dirisha la jirani. Chujio ni lazima. Mfupa mdogo ukishapita umekwenda.

Kuna waliopendekeza kuzika karibu na siafu. Tumejaribu kwa mguu mmoja wa kuku wa nyama: nyama iliisha haraka, na vidole viwili havikuonekana tena. Siafu hubeba.

13 Julai 2024: Vichwa vya mifupa ya dende vimeanguka

Mifupa ya kuku wa kienyeji imetoka safi. Ya dende imetoka na jambo ambalo halikutarajiwa: kila mfupa wa paja na wa mkono umeachana na kichwa chake. Kwenye kifuko cha mguu kulikuwa na vikofia vidogo vya mfupa, duara upande mmoja, na upande wa pili vyenye mabonde kama uso wa kokwa la pichi.

Hakuna kilichoharibika. Dende huyo alikuwa mchanga. Mfupa mrefu wa mamalia hukua kwa sahani ya gegedu iliyo kati ya shina na kichwa. Kichwa kina kitovu chake chenyewe cha kugeuka mfupa, na viwili hivyo huungana ukuaji ukiisha. Ukiozesha kabla ya hapo, gegedu inayeyuka na kofia inaanguka. Mifupa mingi mirefu ya ndege haina kofia ya namna hiyo. Ncha nzima ni gegedu inayogeuka mfupa kutoka kwenye shina, ndiyo maana kuku wa nyama alitoa ncha laini na dende mchanga akatoa ncha ngumu zilizokatika. Mwalimu akiwa na vyote viwili mezani, ameshafundisha somo la ukuaji wa mifupa.

Kwa hiyo mifupa ya dende mchanga haikutupwa. Imebandikwa kwenye kadi nyeusi, kofia kando ya shina. Dende wa pili, jike lililokwisha kuzaa, amenunuliwa kwa FC 9,000, bei ileile ya wa kwanza, na sindano FC 5,000. Kwa joto la sasa atachukua wiki tatu hivi.

3 Agosti 2024: Nyonga mbili, moja imefunguka

Dende wa pili ametoka. Vichwa vya mifupa vimeshika, lakini nyonga imegawanyika nusu mbili kwa mbele. Hapa pia usitafute kosa. Jike la dende likibeba mimba, kiungo cha mbele cha nyonga hulegea ili mtoto mkubwa mwenye nywele apite. Jike likikaa bila kuzaa mpaka umri wa miezi saba hivi, kiungo hicho hukaza, na mimba ya kwanza baada ya hapo inaweza kumuua. Wafugaji wa dende wa Kivu walione hili kwa macho, ni sababu tosha ya kutochelewesha jike.

Weka nyonga ya kuku kando yake. Hii haikufunguka, tangu mwanzo haijafungwa. Mifupa miwili myembamba ya chini inarudi nyuma sambamba bila kukutana, na yai linapita katikati. Juu, nyonga imeungana kabisa na sehemu ya mgongo ikawa bamba moja gumu. Tia vidole viwili kati ya zile ncha na utaelewa kwa nini mama anayeuza kuku hupapasa hapo kabla ya kukuambia huyu anataga.

10 Agosti 2024: Mafuta

Mifupa ikikauka siku tatu kivulini, mafuta yanajionyesha: madoa ya manjano, mfupa unang'aa kama umepakwa samli. Usiung'arishe kwanza. Peroksidi, dawa ya kung'arishia, haitoi mafuta. Inaufanya mfupa uwe mweupe wiki mbili, halafu manjano yanarudi na vumbi linanatia.

Kilichofaa: maji ya nyuzi 35 hadi 40 na sabuni ya vyombo ya maji, kijiko kimoja kwa lita, ndani ya sanduku lilelile la pumba. Maji yanabadilishwa kila siku tatu mpaka utando wa juu usionekane. Asetoni inafanya haraka zaidi, lakini mvuke wake unashika moto na hakuna nyumba ya hapa isiyo na mbabula. Esansi (petroli) hairuhusiwi kabisa, kwa sababu hiyohiyo.

Mfupa wa paja wa kuku ulikataa. Nje ulikuwa safi, lakini ukiuelekeza kwenye mwanga, ndani ni kahawia. Kuku huyu alikuwa anataga. Jike linalotaga hujaza ndani ya mfupa wa paja na wa mguu wa chini tabaka la mfupa wa muda, lenye damu nyingi, ambalo ni akiba ya kalsiamu ya kujengea kaka la yai. Jogoo hana. Akiba hiyo inashika mafuta na damu, na sabuni haifiki. Toboa tundu la mm 1.5 kila ncha, mahali patakapofichwa na kiungo, pitisha maji ya sabuni kwa sirinji mpaka yatoke meupe. Mfupa wa bawa haukuhitaji kutobolewa: tundu lake la hewa liko upande wa ndani, karibu na bega, na sindano inaingia hapo.

Kama shida hii unataka kuikwepa, nunua jogoo. Sisi tungechagua jike tena, kwa sababu mfupa wa paja uliopasuliwa kwa urefu unaonyesha yai linakotoka kuliko mchoro wowote.

Sabuni za aina zote: FC 7,000.

17 Agosti 2024: Kung'arisha

Maji ya oksijeni ya farmasi, yale ya volimi 10, ni peroksidi ya asilimia 3. Yanatosha bila kuongezwa maji. Chupa sita za ml 250, FC 3,500 kila moja: FC 21,000. Ya saluni ya volimi 20 ni asilimia 6 na mara nyingi ni krimu. Krimu inaingia kwenye vitundu vya mfupa na haitoki.

Mifupa ya dende imekaa saa 36. Ya kuku saa 24, na fuvu lake saa 12 tu. Chombo kiwe cha plastiki, kifuniko kilegezwe, maana gesi ikibanwa inapasua. Waya na uzi wenye chuma utolewe kwanza, vinginevyo unaacha kutu.

Mbavu za kuku wa nyama zilitiwa javeli ili tofauti ionekane. Baada ya siku moja zilikuwa nyeupe sana, na zikakatika kwa kuguswa, unga kama chaki. Zimehifadhiwa kwenye chupa kama onyo kwa atakayefuata.

Ombi limekuja la kuongeza fuvu la kindi wa msituni. Limekataliwa. Mbali na sheria, tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, na Kivu Kusini ilikuwa kati ya sehemu zilizoguswa zaidi. Kindi na panya wa misitu ya Afrika ni kati ya wanyama wanaoweza kuwa na virusi hivyo. Mwenye kutaka kuona aina nyingi za wanyama aende kituo cha utafiti wa sayansi asilia cha Lwiro, kule Kabare, ambako kuna makusanyo ya wanyama.

31 Agosti 2024: Kuunganisha

Waya wa shaba wa mm 0.8 na kola (gundi) nyeupe ya mbao, FC 9,000. Ubao FC 12,000. Kola ya kukauka mara moja haifai kwa viungo, kwa sababu haikupi nafasi ya kurekebisha pembe.

Vidole vya kuku ndivyo vilivyokula muda mwingi. Dawa yake ni kuhesabu: kidole cha nyuma kina vifupa 2, cha ndani 3, cha kati 4, cha nje 5. Ukijua hivyo huwezi kuchanganya. Miguu yote miwili ipangwe kwenye karatasi kabla ya tone la kwanza la kola.

Goti la kuku huwekwa vibaya karibu na kila anayeanza. Kiungo kinachopinda kuelekea nyuma, kile kinachoonekana kuku akitembea, ni kifundo cha mguu. Goti liko juu zaidi, limefichwa na manyoya ya tumbo, na linapinda kuelekea mbele kama la dende na la mtu. Sehemu yenye magamba kati ya kifundo na vidole ni mifupa ya wayo iliyoungana ikawa mmoja. Ili lisiwe neno tupu, mifupa inayolingana imepewa nukta ya rangi moja kwa wanyama wote wawili: wa juu wa mkono nyekundu, miwili ya mkono wa chini bluu, ya kiganja kijani, paja njano. Mwanafunzi anafuata rangi na kuona kwamba bawa ni mkono wenye vidole vitatu vilivyopungua.

Kidari kiwekwe mwisho. Ule ukingo wake mrefu kama upanga ndipo inaposhika misuli ya kurukia, na mifupa miwili ya mabega iliyoungana mbele yake kama panda ya manati ibaki huru, iguswe ijipinde kidogo. Dende hana ukingo. Kidari chake ni fito ya vipande vifupi, na mbavu jozi 13.

Meno ya dende yalilegea na machache yakapata ufa. Yalikaushwa juani. Kausha kivulini, polepole, na ukiona jino linacheza tia tone la kola iliyopunguzwa maji ndani ya shimo lake. Meno ni 20 kwa jumla, yote hayana mzizi uliofungwa na yanaendelea kukua maisha yake yote. Chomoa moja la mbele uone: sehemu iliyojificha ndani ya taya ni ndefu kuliko inayoonekana.

14 Septemba 2024: Sikio na taya, na hesabu

Taya la chini la kuku limeundwa na mifupa kadhaa iliyoungana, na linaning'inia kwenye fuvu kupitia mfupa mdogo unaochezacheza, ambao ni lazima ubandikwe kwa waya mwembamba wala si kola, la sivyo mdomo haufunguki. Taya la dende ni mfupa mmoja kila upande, unaogusa fuvu moja kwa moja. Mifupa ambayo kwa mababu wa mamalia ilikuwa kiungo cha taya imehamia sikioni. Ndiyo maana mamalia ana vifupa vitatu vya sikio na ndege ana kimoja.

Cha kuku kilipotea pande zote mbili wakati wa kuozesha. Ni kijiti chembamba chenye kisahani mwishoni, hakishiki mahali. Kwa anayefuata: kichomoe kwa sindano siku ya kuchuna, kupitia tundu la sikio, ukibandike kwenye kadi. Kichwa kipya kilipatikana bure kwa mama lishe, na kimefanywa hivyo. Fanya vilevile kwa ile pete ya vibamba inayozunguka jicho la kuku, aghalabu 14. Dende hana pete hiyo. Kwa dende, fungua kwa uangalifu kile kibofu cha mfupa nyuma ya taya. Utahesabu vipande viwili, si vitatu, na usidhani kimoja kimepotea: nyundo na fuawe za dende zimeungana, kikuku kiko peke yake.

Nyuma ya fuvu angalia sehemu inayokalia shingo. Kuku ana kifundo kimoja, dende viwili. Mafuvu yote mawili yameachwa bila kola, yakae juu ya waya tu, ili yageuzwe kwa mkono.

Jumla ni FC 167,000, karibu dola 60. Bila kuku wa nyama na makala ya kumchemshia ingekuwa FC 144,000. Kilichokula zaidi ni wanyama wenyewe na sindano, FC 78,000.

Viunzi vimeanza kutumika darasani. Ubavu wa tatu wa kuku upande wa kulia umekwisha kuvunjika na kubandikwa tena. Wanafunzi hushikilia hapo wanapoinua, kwa hiyo ubao umepigiwa vishikio viwili. Sanduku lina mfuko wa kitambaa wenye pilipili manga dhidi ya wadudu, ukaguliwe kila mwezi wakati wa mvua, kwa sababu unyevu unailegeza kola nyeupe kuanzia vidoleni.

Hatua inayofuata ni jogoo, kwa ajili ya ule mwiba wa nyuma ya mguu wake na mfupa wa paja usio na akiba, usimame karibu na wa jike uliopasuliwa. Pumba na bido zimehifadhiwa.